Nyasi Kwenye Chumba cha Upasuaji

Dari la chumba cha upasuaji lilianguka mchana kweupe, chumba kikiwa kitupu, na kila mtu pale hospitalini akasema tumshukuru Mungu. Nilishukuru, ila kwa hasira. Popo walikuwa wameishi juu ya dari lile kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tuliofanya kazi chini yake. Mvua ilipenya kwenye bati lililotoboka, uchafu wao ukalowa, mbao zikachoka, na siku hiyo vyote vikashuka juu ya kitanda cha upasuaji. Nilisimama mlangoni nimeziba pua kwa aproni. Sikuwaza bati wala popo. Niliwaza tumbo la mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito kwa mara ya pili. Mara ya kwanza uchungu ulimkuta hapa hapa kwetu, kwenye wodi ya wazazi ninayoisimamia, na mtoto akagoma kushuka. Chumba cha upasuaji kilikuwepo, daktari alikuwepo, ila mtoa dawa ya usingizi hakuwepo, kwa kuwa ajira za serikali zilikuwa zimetoka naye akawa amefungasha vitu vyake wiki hiyo hiyo. Hospitali yetu ni ndogo, imejengwa kwa nguvu za wananchi na inasimamiwa na kanisa, na kila ajira za serikali zikitangazwa sisi tunaobaki hubaki tukitazamana. Basi tukampakia kwenye gari tumpeleke hospitali kubwa ya Nyakahanga. Ilikuwa msimu wa mvua. Gari lilinasa kwenye tope mbele ya kundi la ng'ombe, na wachungaji wakaacha ng'ombe wao wakaja kusukuma, lakini tope halikujali nguvu za mtu. Tulipofika walimwokoa mdogo wangu kwa kisu. Mtoto alitoka kimya. Mimi ndiye niliyembeba nikampeleka kwa mama yetu, aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, na mpaka leo sipendi kukaa kwenye benchi la nje la hospitali yoyote.

Mwanamke mwenye kovu la upasuaji hatakiwi kujifungulia mbali na chumba cha upasuaji, maana kovu linaweza kuachia katikati ya uchungu. Mdogo wangu alilijua hilo kwa sababu nilimwimbia kila alipokuja kliniki. Jibu lake halikubadilika.

"Dada, ile barabara sipandi tena. Nitazalia kwenu, au nitazalia nyumbani."

Nyumbani kwake ni Nyakasimbi, ndani kabisa kwenye migomba, mahali ambapo hata bodaboda hushuka akasukuma. Namjua mdogo wangu. Tangu utotoni akishasema hapana, mtu unajichosha bure. Kwa hiyo mimi niliona njia moja tu: chumba kile kifunguliwe kabla siku zake hazijafika. Wakaguzi wa mkoa walikuwa wamekifunga rasmi, na wao ndio wangekuja kusema kifunguliwe au kisifunguliwe.

Mimi kwa kawaida si mtu wa kukaa. Chai nainywa nimesimama, na kanisani nakaa mwisho wa benchi ili nikiitwa nitoke bila kukanyaga watu. Lakini miezi ile nilipitiliza. Nilikuwa nikitoka wodini nakwenda kumtazama fundi juu ya paa, nashuka, napiga simu, narudi kumpima mama mjamzito, kisha mguu wangu wenyewe unanirudisha kwa fundi. Fundi alifika mahali akaniambia, "Sista, ukinitazama hivyo nyundo inakosea njia." Mganga mfawidhi wetu, kijana mpole asiyepandisha sauti hata akichomwa na sindano, aliniita ofisini akaniomba nichukue mapumziko. Nilimwambia nitapumzika chumba kikifunguliwa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Paroko na mchungaji walitangaza makanisani, na watu wakaitikia. Wenye migomba walileta nguvu zao, na wafugaji kutoka upande wa mbugani wakaleta miti ya kujengea jukwaa la mafundi pamoja na maziwa ya kunywa wakati wa kazi. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulifanyika kila juma: huyu anabeba mchanga, yule anachota maji, wengine wanakwangua ukuta. Kina mama waliongozwa na mama yangu mzazi. Mama ni mtu wa maneno machache, lakini akishika jembe wengine wanaona aibu kusimama. Alikuwa akifika asubuhi, anapokea shikamoo za wafanyakazi wote, mpaka za mganga mfawidhi, kisha anaingia kazini bila kuuliza afanye nini. Hatukuzungumza juu ya mdogo wangu. Hakukuwa na haja, sote wawili tulijua tunafanya haraka kwa ajili ya nani.

Bati jipya likapigwa, matundu ya popo yakazibwa, dari jipya likapakwa rangi nyeupe hadi nikaona kizunguzungu kulitazama. Taa ya upasuaji ikawaka. Mashine ya kuchemshia vifaa, ambayo ilikuwa ikivuja mvuke kwa miaka, ikapata mpira mpya na ikakubali kunyamaza. Siku moja kabla ya wakaguzi kuja, mimi na wahudumu tulisugua chumba chote kwa klorini, kuta na sakafu, tukafunga mlango, na nikaambia kila aliyekuwa na masikio kwamba atakayeingia na viatu vyake nitamtoa bila viatu.

Asubuhi ya ukaguzi nilitoka wodini nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nyumbani, ya Krismasi, ya sebule ya bibi yangu siku ya arusi ya shangazi, na miguu yangu ilisimama kabla akili haijaniambia kwa nini. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi. Sakafu yote ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi.

Zilikuwa zimetandikwa vizuri, hilo lazima niseme. Nyasi zile nyembamba zenye harufu, zinazoota kilimani, zimekatwa kwa urefu mmoja na kulazwa upande mmoja, nene, kuanzia mlangoni mpaka chini ya kitanda cha upasuaji na kuzunguka miguu ya mashine. Ndivyo tunavyotandika nyumba zetu huku mgeni wa heshima anapokuja, au mtu anapooa, au mtoto anapozaliwa. Kina mama walikuwa wamesimama kando ya ukuta, miguu mitupu, wameoshwa na jasho, wakinitazama wakingoja nifurahi. Mmoja alianza hata kupiga vigelegele kwa chini chini. Nyasi zilikuwa na umande bado, na ndani ya umande kulikuwa na udongo, na juu ya udongo niliona siafu wawili wanatembea kuelekea kwenye kitanda.

Sikumbuki nilianzia wapi, ila nakumbuka sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoikusudia. Nilisema wametuua. Nilisema kazi ya miezi yote imekwenda na maji. Nikauliza ni mjinga gani amefanya kitu kama hiki, hapa ni chumba cha kupasulia watu au zizi la ndama?

Wanawake wakatazamana. Mama yangu akatoka katikati yao.

"Ni mimi," alisema.

Ningeweza kunyamaza hapo. Sikunyamaza. Nilisema, "Mama, hata wewe! Miaka yote niliyosoma na kufanya kazi hii, hujui hata hiki?" Nilisema mbele ya majirani zake, mbele ya wahudumu, na mganga mfawidhi alikuwa ameshafika nyuma yangu na kuona yote.

Mama hakunijibu mimi. Alimtazama mganga mfawidhi, akamwambia kwa utaratibu, "Dokta, nilikuwa nafikiri mwanamke hawezi kulala kuzaa juu ya simenti tupu. Kwetu simenti tupu ni ya nyumba iliyohamwa." Kisha akainama, akaanza kukusanya nyasi. Wenzake wakainama naye. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akipita na mzigo mikononi, alininong'oneza, "Waitu, mwenzetu, mama yako amepanda kilimani kabla ya jua. Amekata mwenyewe. Alisema wa kwanza kulala hapa ni binti yake."

Tulisugua tena. Tulisugua kama watu wanaofukuza jini, tukamwaga klorini mpaka macho yakatutoka machozi, na mimi yangu yalikuwa na sababu mbili. Kila nilipodhani tumemaliza nilikuta jani limejificha kwenye kona au chini ya gurudumu la meza ya vifaa. Wakaguzi walipoingia sakafu ilikuwa bado ina unyevu, na chumba kinanuka klorini na kilima kwa pamoja.

Mkuu wao alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, asiye na papara. Alitazama dari, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akawasha taa na kuizima. Aliitazama sakafu mara moja tu. "Mmefanya kazi," alisema, na moyo wangu ukaruka. Kisha akauliza mtoa dawa ya usingizi ni nani.

Mzee wetu alijitokeza. Baada ya yule wa kwanza kwenda serikalini, kanisa lilimwomba mzee huyu aliyekuwa amestaafu arudi kutusaidia. Tunamtania kwamba hahitaji dawa, mgonjwa akisikiliza hadithi zake mbili analala mwenyewe.

"Mko wangapi, baba?" mkaguzi aliuliza.

"Niko mimi."

"Ukiugua?"

"Mimi siugui."

"Ukienda likizo?"

"Niende wapi?"

Watu wakacheka, hata mkaguzi alitabasamu. Lakini alivua miwani na kusema kwa upole kwamba kwa sababu hiyo hiyo hawezi kukifungua. Chumba kimekamilika, watu hawajakamilika. Tukipata mtoa usingizi wa pili, hata wa kuazima, tumpigie simu naye atakuja siku hiyo hiyo. Hakusema neno lolote juu ya sakafu, wala harufu, wala lile jani ambalo mimi niliona limenasa kwenye soli ya kiatu chake alipokuwa akipanda gari.

Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mwanamke yule alikuwa sahihi. Mdogo wangu aliwahi kupakiwa kwenye gari kwa sababu ya pengo lile lile la mtu mmoja, na mimi, niliyekuwepo, nilikuwa nimehangaika na mabati. Mtu wa pili tungempata wapi? Nilipiga simu kwa kila niliyesoma naye. Mmoja alikuwa Mwanza, mwingine Dodoma, mwingine aliniambia waziwazi kwamba huko kwetu hakuna mtandao wa kutosha wa kumlea mtoto wake wa mjini. Nilimkatia simu kabla hajamaliza.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa mama kuomba radhi. Kama angenigombeza ningefurahi. Mama alinikaribisha sebuleni, akanitolea kiti cha wageni, akaniletea ndizi na maharage kwenye sahani nzuri, ile ya kabatini, kisha akaniuliza habari za kazi. Niliomba radhi. Alisema, "Hamna neno, karibu chakula." Mtu asiyejua angesema yameisha. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ile. Huwa nachota chakula mwenyewe jikoni na kula nimeegemea mlango. Nilitoka pale nikiwa mgeni.

Baada ya hapo aliacha kusema nami. Akiwa na ujumbe aliupitisha kwa jirani: mwambie muuguzi hivi, muulize muuguzi vile. Nilitembea na neno hilo kichwani nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikiwa kitandani. Tumbo la mdogo wangu lilizidi kushuka, chumba cha upasuaji kilikuwa kizuri na kimefungwa, na usingizi ulinipaa kabisa. Nilikuwa naanza kufua nguo zilizokwisha fuliwa.

Aliyemshawishi mdogo wangu apande tena ile barabara ya Nyakahanga ni mama. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa kumtisha, kwa kumbembeleza, kwa kumweleza mambo ya kovu na kizazi kitaalamu, na nilikuwa nimeshindwa. Mama alikwenda Nyakasimbi akashinda naye shambani siku nzima, na walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia, kama mdogo wangu alivyonisimulia baadaye, "Twende sasa, hujaanza kuumwa, jua linawaka, barabara imekauka. Tutakaa kwa mama yako mdogo karibu na hospitali mpaka siku yako. Mahali unapopaogopa tutashuka tupite kwa miguu, gari litusubiri mbele." Basi. Hakuna kovu wala kizazi. Mdogo wangu akafungasha.

Dereva aliyewachukua alinieleza kwamba walishuka kweli. Walipita mahali pale wameshikana mikono, taratibu, mama akimsimulia habari za kahawa ya mwaka huu, halafu wakapanda tena gari kama watu waliotoka kununua chumvi. Mimi nilibaki. Walipofika Nyakahanga walipangiwa siku ya upasuaji, nami nikaomba ruhusa ya siku hiyo, na mganga mfawidhi akanipa kabla sijamaliza kuomba.

Halafu ajira za serikali zikatoka. Mkunga mwenzangu, tuliyegawana naye zamu zote, alikuja kuniaga akilia. Nilimkumbatia. Ana watoto, ana haki yake, na mimi nisingethubutu kumwambia abaki. Lakini alipoondoka nilisimama koridoni nikajua kwamba sitakwenda Nyakahanga. Wodi ya wazazi ilikuwa na mimi tu na mhudumu mmoja mtu mzima, mama mwenye moyo wa dhahabu ambaye hajasomea ukunga. Mganga mfawidhi alitaka kujitolea ashike wodi mwenyewe, na nilimkatalia, maana yeye alikuwa na hospitali nzima mgongoni. Nilimpigia mdogo wangu kumwambia. Alisema, "Mama yuko hapa, Dada. Usijali." Nilijali sana.

Siku yenyewe ilipofika nilitumaini wodi itakuwa tupu ili nishinde nimeikodolea macho simu. Saa za asubuhi akaja mke wa mfugaji mmoja kutoka upande wa Rugu, uzao wa kwanza, uchungu umekolea. Mume na ndugu zake walikaa nje kwenye nyasi na fimbo zao, kimya, wakingoja. Nilifanya kazi yangu. Nilisikiliza mapigo ya mtoto wake, nikapapasa tumbo lake, nikamwambia apumue, na kila baada ya muda mfupi jicho langu lilikwenda kwenye mfuko wa aproni. Kule walikuwa wamepanga kuanza mapema. Jua likapanda, likapita utosini. Simu haikulia. Nilijua kila kitu kinachoweza kwenda vibaya kwenye upasuaji wa kovu la zamani, na siku ile ningetoa chochote niwe sijui. Mhudumu aliniletea chai, nikaisahau dirishani.

Mchana, nikiwa nimevaa glavu na yule mama amefika mwisho kabisa, simu ikatetemeka mfukoni. Mikono yangu haikuwa ya kushika simu. Nilimtazama yule mwanamke kitandani. Maumivu yalikuwa yamempa nafasi ya kuvuta pumzi. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana alikuwa na shida zake zinazomtosha.

"Pokea," aliniambia. "Mimi bado."

Mhudumu akaichomoa simu mfukoni, akaibonyeza, akaniwekea sikioni. Ilikuwa namba ya mama. Nilisema, "Mama?" Hakujibu. Nilisikia watu wanapita, mlango unafungwa, pumzi ya mama inakwenda haraka, na pumzi hiyo niliijua tangu siku ile ya benchi la nje. Nikaita tena. Kisha ikaja sauti nyembamba, yenye hasira, karibu kabisa na simu, kelele za mtu aliyetolewa mahali penye joto bila kuulizwa.

"Unamsikia?" mama akasema.

"Namsikia, Mama."

"Mimi hata simwoni vizuri, mwanangu. Macho yamejaa."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Mama naye alivuta pumzi kama anayetaka kusema. Tukamwacha mtoto alie.